Kadi Zilizotoka Mbali

Mama Mkubwa alipofariki, ndugu waligawana vitenge vyake, masufuria na kabati la vyombo. Mimi nilipewa maboksi mawili ya sabuni ambayo hakuna aliyeyataka. Niliyapakia kwenye bajaji pale Chang'ombe ya Dodoma, nikayafikisha kwangu, nikayaweka pembeni ya kochi, na kwa siku tatu sikuyagusa. Siku ya nne nilifungua la kwanza. Harufu iliyotoka ilinikalisha sakafuni. Ilikuwa harufu ya gundi ya unga wa ngano iliyokaukia kwenye karatasi, ya majani ya mwarobaini aliyoyatia humo ili mende wasisogee, na ya kadi zenyewe, kuukuu, zinazonukia kama sanduku la nguo za bibi. Mimi ni mtu mzima, nina watoto wawili na kazi ya ofisini. Lakini pale sakafuni nilikuwa na miaka saba, nimepiga magoti mkekani, nimeshika ncha ya kadi kwa vidole viwili ili Mama Mkubwa apitishe mkasi.

Wa rika langu mnazikumbuka kadi. Idd ikikaribia, au Krismasi, zilitundikwa kwa vibanio vya nguo kwenye kamba mbele ya maduka ya vitabu, na upepo wa Dodoma ukazichezesha mchana kutwa. Ukipewa kadi hukuikunja ukaitia mfukoni. Uliisimamisha juu ya redio, au uliining'iniza ukutani kwenye uzi pamoja na za mwaka jana na za mwaka juzi, mpaka rangi zote zikapauka na usiweze kujua ua lilikuwa jekundu au la njano.

Kadi mpya za dukani hazikuwa za kila mtu, hivyo Mama Mkubwa alitengeneza za kwake kutokana na zile zilizomaliza kazi. Alizikusanya kwenye ofisi zilizokuwa zinahama, kwenye nyumba za watu waliostaafu, kwa wauza karanga walionunua karatasi kuukuu za kufungia. Za Krismasi, za harusi, za kipaimara, postikadi za miji ya watu. Alikata picha iliyobaki nzima, waridi au njiwa au mwezi mwandamo, akaibandika juu ya manila iliyokunjwa, akazungushia urembo unaong'aa, kisha akaandika Idd Mubarak au Hongera kwa Ndoa. Nyota iliyokuwa ya Krismasi ilihamia kwenye mwezi wa Idd na hakuna aliyelalamika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri mno, herufi zimesimama kama watu waliovaa kwenda harusini. Wapo waliopanda basi kutoka Bahi kwa ajili ya kadi zake tu.

Nilifika kwake mwaka wa njaa. Sisi ni watu wa Kondoa, wa milimani, na mwaka ule uwele ulikauka kabla haujatoa masuke. Baba alikwishaoa kwingine na habari zake tulikuwa hatuzisikii. Mama alinileta Chang'ombe kwa dada yake, tukakaa siku mbili, siku ya tatu akanituma dukani nikanunue chumvi. Niliporudi na chumvi yangu mkononi, hakuwepo. Mama Mkubwa alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Alinivuta akanipakata, ingawa nilikuwa mkubwa wa kupakatwa.

"Mama yuko wapi?" nikamwuliza.

"Mama amesafiri."

"Wapi?"

"Mbali."

"Mbali wapi?"

"Mbali, mwanangu. Mbali sana."

Hakutaja Maskati. Hakusema habari za mwanamke aliyekuja Kondoa kutafuta wasichana wa kazi za ndani. Hayo niliyajua baadaye. Nilichokishika siku ile ni neno moja, na mimi nililisikia kama jina la mji. Kulikuwa na Kondoa, kulikuwa na Dodoma, kulikuwa na Mpwapwa, na kulikuwa na Mbali, ambako mama alikuwa.

Ushahidi ulikuja wenyewe. Siku moja nilimwuliza Mama Mkubwa kadi zake zinatoka wapi. Alikuwa anachonga ukingo wa jani, ulimi umemtoka kidogo pembeni ya mdomo kama kawaida yake akikata kitu chembamba, akanijibu bila kuinua kichwa. "Hizi? Hizi zimetoka mbali."

Basi nikajua. Nikaanza kuziangalia zile picha kwa makini, maana zilikuwa picha za mji wa mama. Mbali kulikuwa na farasi waliovishwa kengele. Kulikuwa na nyumba zenye mapaa yaliyochongoka, na juu ya mapaa, juu ya miti, njiani, kila mahali, kulikuwa na unga. Unga mweupe, sembe safi, umemwagika mpaka magotini mwa watu, na hakuna aliyehangaika kuuzoa. Nikaielewa safari ya mama. Mtu aliyetoka kwenye njaa ya Kondoa angekwenda wapi kwingine?

"Mama Mkubwa, kwa nini hawauzoi?"

"Hawazoi nini?"

"Huu unga."

Aliichukua kadi, akaitazama, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Huo si unga. Hiyo ni baridi ya huko. Inadondoka."

Sikumwamini. Baridi ya Dodoma nilikuwa naijua, ile ya mwezi wa saba inayopasua midomo, na hakuna siku niliyowahi kuiona kwa macho. Nilidhani ananificha, nisije nikadai kupelekwa.

Kadi nzuri kuliko zote zilitoka kwa bibi mmoja wa Mpwapwa, nesi mstaafu. Tulimfuata wakati wa likizo, Mama Mkubwa na mimi, na kapu tupu. Alikuwa akiishi peke yake kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma yenye baraza pana, na alikuwa amekwisha kutuwekea boksi zima tayari, limefungwa kwa kamba ya katani. Katika kazi yake alihamishwa hospitali nyingi, na kila kadi aliyowahi kuandikiwa aliitunza. Sasa macho yalikuwa yamefifia, alimtambua mtu kwa sauti.

"Nimezisoma mpaka zimeniingia kichwani," alimwambia Mama Mkubwa. "Afadhali zikapendeze kwa watu kuliko kuliwa na mchwa. Ila nakuomba kitu kimoja. Picha kata. Maneno usiyatupe jalalani watu wakaja kuyakanyaga. Yachome."

"Nitayachoma, mama. Nakuahidi."

Nilikuwa nimekaa kwenye jamvi na nikashindwa kujizuia. "Bibi, mama yangu yuko Mbali."

Aligeuza uso upande ilikotoka sauti yangu. "Pole, mjukuu wangu. Hata wa kwangu wote walikuwa mbali." Akapapasa mpaka akalipata boksi, akaligonga kwa kiganja. "Sasa wamo humu."

Sijui kama nilipumua safari nzima ya kurudi Dodoma. Boksi lilikuwa miguuni mwetu kwenye basi na mimi niliibana mifuniko yake kwa visigino.

Kuchoma mabaki ikawa kazi yangu. Kila jioni Mama Mkubwa akimaliza kukata, alinikusanyia vipande kwenye sinia nikavitie kwenye jiko la mkaa. Kadi ikishatolewa ua, maneno ya nyuma yake yanabaki na tundu lenye umbo la ua, na kuzunguka lile tundu mistari inakatika na kuanza tena. Nilikuwa darasa la kwanza, ndiyo nimejua kusoma, na nilisoma kila kilichokuja mbele yangu, gazeti la kufungia nyanya, maandishi ya kwenye kanga, ubavu wa kiberiti. Jioni ya kwanza nilikwisha kutia vipande vitatu motoni. Cha nne kilikuwa kimeandikwa, kwa wino wa bluu, mwanangu mpenzi.

Sikukitia. Nilikiweka ndani ya sketi yangu kwenye kiuno, nikachoma vingine vya juu juu ili moshi uonekane.

Kuanzia hapo nikawa mwizi wa maneno. Nilikuwa na daftari la hesabu ambalo nusu yake ilikuwa bado wazi. Mama Mkubwa akienda kuswali au kuzungumza na majirani, nilichovya kidole kwenye sufuria ya gundi nikabandika. Vipande vilivyokuwa na majina ya watu wengine nilivichoma kweli, maana hivyo havikunihusu. Vilivyosema tu wewe, au mwanangu, vilikuwa vyangu. Leo ninaelewa kwamba yale yalikuwa maneno ya watu wengi, ya mama yake yule nesi, ya shoga zake, pengine ya mgonjwa aliyepona. Miandiko ilikuwa tofauti, wino tofauti. Mimi nilidhani mama hubadilisha kalamu.

Nilivipanga, nikavipangua, mpaka vikakaa sawa. Ninayakumbuka mpaka leo:

Mwanangu mpenzi. Mimi ni mzima, hofu ni kwako tu. Mguu umepona, sasa natembea bila fimbo. Huku mvua imekataa. Paka amezaa watatu, mmoja miguu myeupe. Jana nimeona gauni la bluu nikakuwaza wewe. Usiache dawa. Nakuombea kila nikiamka. Akupendaye daima.

Kila siku nikitoka shule niliisoma ile barua nyuma ya choo, nimeegemea ukuta. Nikaacha kulia. Nikaacha kukaa mlangoni kila saa mabasi ya Kondoa yanapoingia. Nilimsikia Mama Mkubwa akimwambia jirani yetu, "Mtoto ametulia, ameshazoea," kwa sauti yenye furaha aliyojaribu kuificha. Yeye hakujaliwa mtoto. Alinishonea gauni la Idd kutokana na kitenge chake kipya, alinifundisha kushika kalamu kwa wepesi, na alipokuwa amekaa nami mkekani akikata, aliimba. Alidhani nimeanza kumsahau mama. Kumbe nilikuwa naye kila siku.

Neno moja tu nililikosa. Nilipekua boksi zima nikitafuta mahali mama anaposema atarudi. Nilipata kipande kimoja: nitakuja Pasaka, Mungu akipenda. Sisi ni Waislamu na sikujua Pasaka huangukia lini. Nilimwuliza Mama Mkubwa kwa kuzunguka zunguka, nikijifanya ni mambo ya shule.

"Pasaka? Imepita mwezi jana."

Nikasubiri nyingine. Nayo ikapita. Nikakibandua kile kipande, nikakitia motoni, nikaona nimekosea kukibandika tangu mwanzo.

Mama alirudi siku ya kawaida, mchana, upepo ukivuma na mifuko ya plastiki imenasa kwenye michongoma. Nilikuwa nafagia uani. Niliona mwanamke mwembamba wa baibui jeusi, na begi dogo mkononi, akiuliza nyumba kwa jirani, na jirani akielekeza kwetu. Alipoingia nilimwamkia kama ninavyomwamkia mteja.

"Shikamoo."

"Marahaba." Akasimama. Begi halikushuka mkononi. "Hunijui?"

Nilimjua kwa ile sauti. Lakini sikumkimbilia, kwa sababu kwanza nilimtazama miguu. Yote miwili ilikuwa mizima, imejaa vumbi, haina kovu.

"Mguu umepona kabisa?" nikamwuliza.

"Mguu gani?"

"Na wale paka umewaacha na nani?"

Wakati huo Mama Mkubwa alikuwa ametoka ndani, mkasi bado uko mkononi. Alitaka kumkumbatia mdogo wake na mdogo wake akamzuia kwa macho.

"Dada, nani kamwambia mtoto mimi ni mgonjwa wa mguu?"

"Sijui, wallahi. Ndiyo kwanza nasikia."

"Wewe mwenyewe uliandika," nikasema. Nilianza kuogopa, sikujua kwa nini. "Kwenye kadi."

Mama aliweka begi chini polepole. "Kadi," alisema. "Umemwandikia mtoto kadi kwa jina langu."

"Sijaandika chochote, mdogo wangu."

"Hapa nani mwingine anajua kuandika? Si ndiyo wewe? Wewe ndiye uliyepelekwa shule mjini. Mimi nikabaki na mbuzi na mama mgonjwa, na sikusema kitu. Sasa hata kwa mwanangu unanisemea?"

"Nimemlisha," Mama Mkubwa alisema, na sauti yake ikapasuka. "Nimemvika, nimempeleka shule, nimemkesha na malaria yake. Lakini jina lako sijaligusa. Sijaligusa hata siku moja."

Sikuwahi kuwasikia watu wazima wawili ninaowapenda wakisemezana vile. Nilikimbia ndani, nikatoa daftari chini ya godoro, nikalileta kama mtu anayeleta maji kwenye moto. Mama Mkubwa alilifungua yeye. Aliona vile vipande, akautambua wino wa bluu, akajua vimetoka kwa nani, na mkono ukamwenda mdomoni. Alilipitisha kwa mama.

Mama alilishika kwa viganja vyote viwili kama sahani ya uji wa moto. Aliuangalia ule ukurasa muda mrefu, kisha akanirudishia.

"Soma," alisema.

Nilisoma nimesimama kama tulivyofundishwa shuleni, mikono imenyooka. Mama alikaa kwenye kigoda, kichwa kimeinama. Nilipofika kwenye gauni la bluu aliniambia, "Rudia hapo." Nikarudia. Nilipomaliza, upepo ulikuwa umetulia na kuku wa jirani walikuwa wameingia uani, hakuna aliyewafukuza.

"Huyo mama anajua kusema na mtoto," alisema hatimaye. Akanivuta karibu. "Lakini si mimi. Mimi sijui kuandika hata jina langu. Na huko nilikokuwa hakukuwa na paka."

Ningependa kusema nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilijitoa kwenye mikono yake, nikaenda kwa Mama Mkubwa, nikamvuta ashushe kichwa, nikamwuliza sikioni, "Sasa mama aliyeandika atakuja lini?"

Nilinong'ona, lakini mtoto wa umri ule hajui kunong'ona. Mama alisikia. Aliinuka, akachukua ndoo, akaenda kuosha miguu yake.

Asubuhi yake Mama Mkubwa aliwasha jiko mapema. Aliniita akanikalisha mbele yake na kunieleza kwa upole kwamba yale maneno yalikuwa ya yule bibi wa Mpwapwa, kwamba mtu akitoa neno lake limetoka, na kwamba yeye ameishi karibu miaka miwili akiamini ametimiza ahadi. Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Acha asome mara moja tena," alisema. Nikasoma mara moja tena. Kisha nikalitia daftari motoni mwenyewe, na gundi ikanuka kama mkate unaoungua. Nilipofungua yale maboksi mwaka huu nililitafuta, nikatoa kadi zote moja moja mpaka chini. Najua lilichomwa, nilishuhudia kwa macho yangu, na nikalitafuta hivyo hivyo.

Baada ya wiki moja mama alinirudisha Kondoa. Pale stendi Mama Mkubwa alinipa pakiti ya karanga, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akakiachia. Basi lilipogeuka nilimwona bado amesimama, mikono yake iko vile vile, wazi, kwa urefu wa kichwa changu.

Milimani nilikuwa mgeni. Kirangi kilikuwa kimenitoka, watoto wenzangu wakanicheka, na mama alinisemesha lugha ambayo nusu yake niliikisia. Aliamka kabla ya kila mtu. Viganja vyake vilikuwa vimekakamaa, alinisuka kwa kukaza mpaka macho yakavutika, na akitaka kitu aliagiza tu: lete maji, funga mbuzi, usimwage. Neno mpenzi halikutoka kinywani mwake. Huenda hakuna mtu aliyewahi kumfundisha. Nilikaa katikati ya magoti yake nikisukwa, joto lake liko mgongoni mwangu, na nikawa ninamtamani mama yangu. Yule wa fimbo na paka. Nimekuja kukumbuka watu wengi maishani, wengine wamezikwa, lakini hamu ile ilikuwa na ubaya wake wa pekee, kwa sababu niliyemtamani hakuwa na mahali ambapo ningeweza kumfuata.

Siku iliyobadilisha mambo ilikuwa baada ya mavuno. Mwaka ule mvua ilitukumbuka. Mama alikuwa anapepeta uwele uani, na mimi nilipewa kazi ya kufukuza kuku. Niliwaza mengine, jogoo akaingia kwenye nafaka akaimwaga. Mama alinifokea. Hakunipiga, alinifokea tu kama mzazi yeyote, na mimi nikasema kile nilichokuwa nimekibeba kwa miezi.

"Mama wa kwenye kadi asingenifokea."

Ungo ulisimama. Nilidhani sasa nitapigwa. Lakini alikaa chini palepale juu ya makapi, akaanza kuokota punje moja moja vumbini, na akasema bila kunitazama.

"Yule alikuwa na bahati. Alikuwa na kalamu."

Nilipodhani yamekwisha, akaendelea.

"Nilikokwenda kulikuwa na mtoto wa kike. Rika lako. Namwogesha, namsuka, namvisha viatu. Yule mwanamke aliyetupeleka alituonya, mkiulizwa semeni hamna watoto. Wenye nyumba hawataki mtu ambaye mawazo yake yako kwingine. Nikaulizwa, nikasema sina mtoto." Aliokota punje nyingine. "Nikakaa nayo hiyo. Siku moja namchana yule mtoto nywele, nikajisahau, nikamwita kwa jina lako. Hakuitika. Nikamwita tena. Akaenda kumwambia mama yake."

Sikuthubutu kusogea.

"Mama yake akaja akaniuliza, huyo unayemwita ni nani? Ningeweza kusema ni mdogo wangu. Ningesema ni jina la bibi yangu. Uongo ulikuwapo tele. Mdomo ukakataa. Nilikuwa nimekukana mara moja, ya pili sikuiweza. Nikamwambia, huyo ni binti yangu." Alizipuliza punje kiganjani, vumbi likatoka. "Ndiyo wakanirudisha."

Jogoo alikuwa amerudi kwenye uwele na sote wawili tulimwacha ale. Nilikuwa na maswali mengi, mengine ninayo mpaka leo, na yeye yuko kule kule Kondoa, mzee sasa, na hajawahi kuirudia ile habari. Siku ile nilimwuliza moja tu.

"Ulimwitaje?"

"Nimekwambia. Kwa jina lako."

"Najua. Lakini uliitaje? Ulivyoita."

Aliweka ungo kando. Alijifuta mikono kwenye kanga, akageuzia uso kule makorongo yanakoshukia bondeni, akaniita. Haikuwa sauti ya lete maji. Ilikuwa ndefu, ya chini, imeanza kwa nguvu ikamalizikia taratibu, sauti ya mtu anayemwita aliyeko nchi nyingine na anajua hasikii.

Nilikuwa hatua tatu nyuma yake.

"Abee, mama," nikaitika.